Atomu na Hesabu Yake



Twaeni pete ya dhahabu katika kiganja kimoja, na katika kiganja cha pili twaeni chubwi la risasi, lile ambalo wavuvi hulifunga katika mshipi upate kuzama. Vyote viwili ni vizito, na vyote viwili ni laini kuliko madini mengi. Lakini kimoja huvishwa bibi arusi, na cha pili hutupwa baharini. Watu wa kale huko Misri, na Arabuni, na Ulaya, walikesha miaka mingi mbele ya tanuri zao, wakichanganya risasi na kiberiti na zebaki, kwa kutumaini kwamba iko siku risasi itageuka dhahabu. Hawakuwa wajinga watu wale. Walikuwa mafundi hodari wa kuchuja na kuyeyusha, na elimu ya kemia imerithi kwao vyombo vingi. Jambo moja tu lilifichikana kwao, nalo ni hili, kwamba tofauti ya dhahabu na risasi ni tofauti ya hesabu. Dhahabu ni 79, risasi ni 82. Maneno yetu ya leo ni kueleza hesabu hiyo ni ya nini, na jinsi ilivyojulikana.

Ukiikata dhahabu vipande viwili, na kipande kimoja ukakikata tena viwili, ukaendelea hivyo, mwisho utafikia kipande ambacho hakikatiki pasipo kuacha kuwa dhahabu. Kipande hicho ndicho kiitwacho atomu. Neno hili ni la Kiyunani, maana yake kisichokatika. Na jina hilo lilitolewa mapema mno, kama mtakavyoona. Udogo wa atomu haukadiriki kwa jicho. Atomu za dhahabu zikipangwa bega kwa bega, zahitajika zaidi ya milioni 3 ili kujaza upana wa milimita moja. Kitu ambacho atomu zake zote ni za jinsi moja, kama dhahabu, chuma, shaba, au kiberiti, huitwa elementi, na elementi zijulikanazo sasa ni 118. Vitu vingine vyote ni atomu za elementi mbalimbali zilizoshikana. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini. Sodiamu peke yake huwaka ikitiwa majini, na klorini peke yake ni hewa yenye sumu, lakini zikioana twazitia katika mchuzi.

Hata kufika mwisho wa karne ya 19, wenye elimu walidhani kwamba atomu ni kama changarawe ngumu, isiyo na kitu ndani yake. Aliyeivunja dhana hiyo ni J. J. Thomson, profesa wa Cambridge, mwaka 1897. Alikuwa akipitisha umeme katika chupa iliyotolewa hewa, na ndani ya chupa hiyo mlitokea mwale uliokubali kupindwa na sumaku. Thomson akaupima ule mpindo, akatambua kwamba mwale si mwanga, bali ni mkururo wa chembe zenye umeme, nazo ni nyepesi kupita kiasi. Atomu ya haidrojeni ndiyo nyepesi kuliko atomu zote, na hata hiyo yalingana na uzito wa chembe hizo zaidi ya 1,800. Akabadili madini ya kutolea umeme, akabadili hewa iliyosalia katika chupa. Chembe zikawa zile zile. Basi hapana budi zimo katika atomu za kila kitu. Chembe hizo ndizo elektroni.

Umeme una namna mbili, na wataalamu wameziita chanya na hasi. Vya namna moja husukumana, vya namna mbili huvutana. Elektroni ni hasi. Lakini atomu nzima haina umeme wowote unaoonekana; kwa hiyo lazima ndani yake mna umeme chanya wa kusawazisha. Je, umekaa mahali gani? Thomson alikisia kwamba umeenea katika atomu yote, na elektroni zimetapakaa humo ndani yake. Lilikuwa wazo la busara, lakini halikudumu miaka mingi.

Aliyeliangusha ni Ernest Rutherford, mtoto wa watu wa shamba kutoka New Zealand, aliyekuwa profesa katika mji wa Manchester. Kama mtu atakavyotupa mawe gizani ili ajue mbele yake pana ukuta au pana uwazi, Rutherford aliamua kuitupia atomu kitu. Risasi zake za kutupia zilikuwa chembe za alfa, ambazo hutoka zenyewe kwa kasi kubwa katika radiamu na uraniamu. (Chembe ya alfa ikipunguza mwendo na kujipatia elektroni mbili, huwa ni atomu ya heliamu. Ile heliamu ya bonde la Rukwa, katika Tanzania, ambayo habari zake zilitangazwa kwa uzito mkubwa mwaka 2016, asili yake ni uraniamu na thoriamu zilizomo katika miamba ya kale, zikitoa alfa moja moja kwa mamilioni ya miaka.)

Mwaka 1909 msaidizi wake Hans Geiger, pamoja na mwanafunzi kijana jina lake Ernest Marsden, waliziachilia alfa zipige bamba la dhahabu lililofuliwa hata likawa jembamba mno. Nyuma ya bamba na pande zake waliweka kioo kilichopakwa dawa, na kila alfa ilipokipiga kioo, palitokea kimulimuli kidogo. Ikawapasa kukaa gizani mpaka macho yazoee, kisha kuhesabu vimulimuli kimoja kimoja. Karibu alfa zote zilipita katika dhahabu kana kwamba hapana kitu. Lakini chache sana, moja katika maelfu, zilirudi nyuma zilikotoka. Mtu akitupa jiwe katika ukungu, na jiwe likamrudia usoni, atajua kwamba ndani ya ukungu mna kitu kigumu. Rutherford alifikiri na kupiga hesabu, na mwaka 1911 akatangaza kwamba umeme chanya wote wa atomu, pamoja na uzito wake karibu wote, umekusanyika katika kiini kidogo katikati, na sehemu iliyosalia ni ya elektroni peke yake.

Udogo wa kiini hicho wastahili kufikiriwa kidogo. Kama atomu ya dhahabu ingekuzwa hata ikawa na upana kama wa uwanja wa mpira, kiini chake kingekuwa sawa na punje ya mtama iliyowekwa katikati ya uwanja. Mtu aweza kuuliza, ikiwa ni hivyo, mbona mkono wangu haupenyi meza? Ni kwa sababu elektroni za mkono na elektroni za meza hukataana: zasukumana kwa umeme wao, tena zina kanuni yao isiyoziruhusu kujaa mahali pamoja. Vitabu vingi huzichora elektroni zikizunguka kiini kama sayari zizungukavyo jua. Picha hiyo yamfaa mtoto wa shule siku ya kwanza, lakini si kweli. Elektroni haina njia moja iwezayo kuchorwa, na wataalamu wa leo huilinganisha na wingu lenye sehemu nene na sehemu nyembamba.

Miaka michache baadaye, Rutherford alipozitupa alfa katika hewa ya naitrojeni, aliona kwamba katika viini vya naitrojeni hutoka viini vya haidrojeni. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1919, na mwaka uliofuata chembe hiyo ikapewa jina la protoni. Protoni ni chanya, na umeme wake ni sawasawa na ule wa elektroni kwa kiasi, ila ni wa namna ya pili. Haidrojeni ina protoni moja katika kiini chake. Heliamu zimo mbili. Makaa, ambayo wataalamu huyaita kaboni, 6. Oksijeni, 8. Chuma, 26. Dhahabu, 79.

Hapa ndipo lilipo shina la jambo. Protoni za kiini zikiwa 79, zitashika elektroni 79. Na elektroni ndizo zifanyazo kazi zote za nje, yaani kung'aa, kuwa na rangi, kushika kutu au kutoshika, kushikana na atomu nyingine au kujitenga nazo. Kwa hiyo idadi ya protoni ndiyo itoayo amri, na elektroni hutii. Ongeza protoni moja, rangi ya dhahabu yatoweka, nawe una zebaki, ambayo humiminika kama maji.

Aliyeihakikisha hesabu hii ni kijana wa Kiingereza, Henry Moseley. Kabla yake elementi zilipangwa kwa uzito, na mpango huo ulikuwa na kasoro zilizowasumbua watu. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, lakini kwa tabia yapasa itangulie. Kadhalika hewa ya agoni ni nzito kuliko potasiamu, hata hivyo lazima itangulie yenyewe, la sivyo itaangukia katika ukoo usio wake. Mwaka 1913 Moseley alizipiga elementi moja baada ya moja, ili zitoe miale ya eksirei, ile ile itumiwayo hospitalini kutazama mifupa. Akaona kwamba miale ya kila elementi huzidi ile ya elementi iliyotangulia kwa hatua ya kadiri, kama mtu apandaye ngazi pasipo kuruka kidato. Kobalti ikawa kidato cha 27, nikeli cha 28. Uzito haukuwa na neno tena. Tena palipokuwa na kidato kitupu, ilijulikana kwamba ipo elementi ambayo bado haijagunduliwa. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, Moseley alijiandikisha jeshini, akauawa Gallipoli mwezi wa Agosti mwaka 1915, naye ana umri wa miaka 27.

Wale wa kale, basi, hawakuwa mbali na dhahabu kama walivyodhani wenye kuwacheka. Risasi 82, toa protoni 3, zabaki 79. Kazi hiyo imekwisha kufanyika. Katika mtambo mkubwa wa CERN, karibu na Geneva, viini vya risasi hurushwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na vikipishana karibu karibu, mara nyingine kimoja hupoteza protoni 3. Mwaka 2025 wataalamu wa huko walitangaza kwamba katika kazi yao ya mwaka 2015 hata 2018 walipata viini vya dhahabu kama bilioni 86. Mkizikusanya zote, uzito wake ni gramu 29 zilizogawanywa mara trilioni. Nazo hazikudumu hata kufumba na kufumbua. Sonara hana la kuogopa.

Palisalia fumbo moja. Heliamu ina protoni mbili, lakini uzito wake ni wa protoni nne. Kaboni ina 6, uzito 12. Ule uzito uliozidi ni wa nini? Rutherford alikisia mwaka 1920 kwamba yamkini iko chembe isiyo na umeme wowote. Lakini kitu kisicho na umeme hakipindwi na sumaku, wala hakiachi alama, na kumkamata mwizi asiye na nyayo ni kazi. James Chadwick alimkamata mwaka 1932, huko Cambridge. Alizitupa alfa katika madini ya beriliamu, na beriliamu ikatoa mwale uliopenya hata bamba la risasi. Mbele ya mwale huo likawekwa donge la nta, namna ile ya mishumaa, na kutoka katika nta protoni zikaruka kwa nguvu. Mtoto achezaye gololi ajua kwamba gololi ikiruka mbali, iliyoigonga haikuwa nyepesi. Chadwick alipima miruko hiyo, akapata kwamba chembe igongayo ina uzito karibu sawa na wa protoni. Hiyo ndiyo nyutroni.

Kazi ya nyutroni ni kushikamanisha. Protoni, kwa kuwa zote ni chanya, zasukumana kwa nguvu nyingi, na kiini kingepasuka mara moja kama pasingekuwa na nguvu nyingine, yenye kushika karibu tu, ambayo protoni na nyutroni huwa nayo zote. Kwa hiyo kadiri protoni zinavyozidi, nyutroni huhitajika kuzidi zaidi. Lakini mwisho upo. Kupita risasi, hakuna elementi yenye kiini kidumucho milele. (Protoni na nyutroni zenyewe zimefanywa kwa vitu vidogo zaidi viitwavyo kwaki, vitatu katika kila moja, elektroni haijaonekana kuwa na ndani. Habari za kwaki zataka siku yake peke yake.)

Sasa, nyutroni hazina sauti katika jina. Elementi moja yaweza kuwa na atomu za uzito mbalimbali, protoni zile zile, nyutroni tofauti, nazo huitwa isotopu. Katika chungu hazitofautiki. Lakini katika kudumu au kutodumu, hutofautika sana, na kwa ajili ya tofauti hiyo watu wamejua mambo makubwa, na kufanya mambo makubwa.

Potasiamu, ambayo twaila katika ndizi na maharage, ina protoni 19. Atomu zake chache sana zina nyutroni 21, na hizi hazitulii. Nyingi katika hizo, nyutroni moja hugeuka protoni, na elementi ikawa kalsiamu. Lakini moja katika kila tisa hivi, kiini humeza elektroni yake mwenyewe, na protoni moja hugeuka nyutroni. Hesabu ikawa 18. Uzito ni ule ule, jina si lile. Potasiamu imekuwa agoni. Nusu ya atomu hizo hugeuka kwa miaka milioni 1,250, wala moto wala baridi haviwezi kuziharakisha. Agoni yote ya hewani, karibu, imezaliwa hivyo, na ndiyo sababu ni nzito kuliko potasiamu: lile fumbo la kabla ya Moseley.

Mwaka 1959, katika bonde la Olduvai huko Tanganyika, Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe wa kale afananaye na mtu. Fuvu lilikuwa kati ya matabaka ya majivu ya volkano. Majivu ya volkano yakiwa moto, agoni yote hutoroka. Yakipoa, agoni izaliwayo baadaye hufungwa ndani ya chembe za mawe, haina pa kutokea. Basi mwenye kupima agoni iliyofungwa, na potasiamu iliyosalia, amepima muda tangu volkano ilipopoa. Jawabu lilitolewa mwaka 1961: miaka 1,750,000 hivi. Hapo kwanza wengi walikisia miaka isiyofika milioni moja. Historia ya wanadamu ikarefuka, na kilichoirefusha ni protoni moja kugeuka nyutroni.

Habari ya pili ni nzito. Uraniamu ina protoni 92. Katika kila atomu 140 za uraniamu, 139 hivi zina nyutroni 146, na moja ina 143. Mwezi wa Desemba mwaka 1938, huko Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga uraniamu kwa nyutroni, na katika mabaki yake wakaona bariamu. Hawakuamini, kwa kuwa bariamu ni 56. Hahn akamwandikia Lise Meitner, mwenzake wa miaka mingi, aliyekuwa amekimbilia Sweden kwa sababu serikali ya Hitler ilikuwa ikiwatesa watu wa asili ya Kiyahudi. Meitner na mpwa wake, Otto Frisch, walitembea katika theluji wakilifikiri jambo lile. Wakaketi juu ya gogo, wakapiga hesabu. 92 toa 56 ni 36, na 36 ni kriptoni. Hakuna protoni iliyopotea. Kiini kimepasuka vipande viwili. Katika kupasuka huko hutoka nguvu nyingi, pamoja na nyutroni mbili tatu, nazo zaweza kupasua viini vingine, na vile vingine tena. Lakini ni ile uraniamu chache, yenye nyutroni 143, iliyo tayari kuendeleza moto huo. Nyutroni tatu tu ndizo zizitenganishazo.

Uraniamu iliyo bora kuliko zote zilizojulikana wakati ule ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ya Kongo, mahali ambapo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi migodini. Mgodi ule ulichimbwa tangu mwaka 1921, na hamu ya wenyewe ilikuwa radiamu kwa ajili ya hospitali. Uraniamu ilikuwa kama makapi. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani elfu moja za mawe yake, zikakaa ghalani katika mapipa, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Kutenga zile nyutroni 143 kutoka kwa 146 kulihitaji viwanda vikubwa mno, kwa kuwa hapana dawa iwezayo kuzitambua. Huchambuliwa kwa uzito peke yake.

Bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti mwaka 1945 lilikuwa na uraniamu kilo 64, na sehemu kubwa ya uraniamu ya kazi ile asili yake ni Kongo. Isiyotimia kilo moja ndiyo iliyopasuka, na uzito uliotoweka kugeuka nguvu ulikuwa chini ya gramu moja, ambao ni pungufu ya uzito wa pete ile tuliyoanza nayo. Watu waliochimba mawe yale kwa mikono yao hawakuambiwa ni ya kazi gani. Shinkolobwe ilizibwa kwa saruji karibu na wakati wa uhuru wa Kongo, mwaka 1960. Hata hivyo wachimbaji wadogo walirudi kwa maelfu kutafuta kobalti, ile ya kidato cha 27, iliyomo katika mawe yale yale, mpaka serikali ilipoufunga mgodi kwa amri mwaka 2004.